USIUZE MZIGO ILI UINGIE IT



Swali linalojaa inboksi siku hizi: "Nina Form Four tu, sijawahi kufanya kazi ya kompyuta, nianzie wapi kuingia IT?" Wengine wameshaambiwa walipie kozi ya miezi mitatu na kazi itakuwepo, kwa hiyo wanataka kuuza mzigo wote wapate ada.

Msimamo wangu: usiuze mzigo. Duka lako ndiyo darasa.

Cheti kina kazi yake, hasa ukiomba serikalini au benki. Lakini mwenye duka anayetaka kukupa kazi atakuuliza kwanza umeshafanya nini. Na wewe unayepanga katalogi ya WhatsApp Business na kulinganisha meseji za M-Pesa na oda, tayari unafanya kazi ya data, hujaipa jina tu.

Anza hivi:

1. Hamisha daftari la mzigo kwenye Google Sheets. Ni bure, hata kwenye simu. Weka idadi ya bidhaa kwenye C2, halafu pembeni andika =IF(C2<5,"Agiza","Bado"). Zikibaki chini ya tano, jedwali linakwambia uagize. Hapo umeshaanza kufikiri kama mtu wa programu.

2. Mfanyie jirani. Mama wa dagaa au fundi cherehani hapo mtaani, muweke kwenye Google Maps, nako ni bure, ili mteja wa Mkolani au Nyegezi amuone. Wa kwanza msaidie, wa pili mwambie bei. Huo ndiyo uzoefu wanaoulizia.

3. Ukiona unaipenda, ndiyo uingie ndani. freeCodeCamp inafundisha kutengeneza tovuti bure tangu 2014. Sikudanganyi, inataka Kiingereza cha kusoma, bando, na baadaye kompyuta, hata ya mtumba. Ukitaka darasa na mwalimu, nenda VETA Nyakato ukaulize kozi na ada mwenyewe, usisikilize dalali.

Mnapenda kunitajia Jan Koum wa WhatsApp. Kweli, kijana mhamiaji kutoka Ukraine, alijifunza mitandao ya kompyuta kwa vitabu alivyonunua duka la mitumba, akimaliza kusoma anavirudisha. Lakini kabla ya kuanzisha WhatsApp 2009, alifanya kazi Yahoo miaka karibu tisa. Hapo miezi mitatu iko wapi?

Mimi nauza makava na chaja hapa Buhongwa, niliishia Form Four. Leo maduka manne yananilipa kila mwezi kuwatunzia hesabu za mzigo na katalogi. Si hela ya kujengea nyumba, lakini inalipa kodi ya fremu, na mzigo wangu bado uko kwenye shelfu.

Anayekuahidi kazi baada ya kozi, mwambie akuonyeshe wanafunzi wake watatu na wanapofanyia kazi. Akianza kuzunguka, funga pochi.

Kozi mbovu ikikuangusha ukiwa na duka, kesho unafungua kama kawaida. Ukiwa umeshauza mzigo, utarudi kuomba mtaji nyumbani, na wote tunajua mtaji wa pili unavyopatikana kwa tabu.