Daraja la Nyasi Lanipendeza Kuliko Mawe

Tangu nirudi kutoka Peru mwaka wa 2019 kila nikutanaye naye huniuliza swali moja: Machu Picchu ulifika? Naam, nilifika. Ni mji wa ajabu uliojengwa na Wainka katika karne ya 15 juu ya mgongo wa mlima, na mawe ya majumba yake makubwa yamekatwa yakashikana pasi na chokaa. Lakini tulikwenda kwa mstari, tukapiga picha, tukashuka. Wenye mji hawapo. Wa kuulizwa ni kiongozi wa watalii tu, naye ana haraka.

Kwa maoni yangu, atakaye kuujua ukale wa nchi ile na aende Q'eswachaka, kusini ya Cusco, kwenye Mto Apurímac. Pale pana daraja la nyasi tupu, urefu wake kama mita 28. Kila Juni watu wa vijiji vinne hukusanyika, kila nyumba na kamba zake. Wanawake husokota zile nyembamba; wanaume huzisuka hata zikawa nene kama paja la mtu, wakazivuta ng'ambo hadi ng'ambo. Daraja kuukuu hukatwa likaachwa liende na maji, na kwa siku tatu jipya huwa tayari. Matambiko wayafanyayo ni yao, sikuyaingilia. Mimi nilitazama mikono.

Na hapo karibu pana daraja la kisasa lipitalo magari! Hakuna alazimikaye kukanyaga nyasi.

Wako wasemao kuwa hayo ni maonyesho ya kuwafurahisha wageni. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka wa 2020 korona ilizuia kazi ile, na Machi 2021 daraja likakatika, likaangukia mtoni. Wageni walikuwa wachache mno siku zile. Hata hivyo, ilipofika Juni wanavijiji walilisuka upya.

Habari hizo zilinifikia nikiwa Mombasa, nami nikaukumbuka mtepe wetu, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja. Mwaka uliofuata nilikwenda Lamu kuuliza ni fundi gani awezaye kuushona. Kila niliyemwuliza alinielekeza kwenye jumba la makumbusho.