AMPLIFAYA IKIUNGUA, NANI ALIPE?



Amplifaya ya besi ikitoa moshi katikati ya dansi, tajiri haulizi imeungua kwa sababu gani. Huuliza nani alikuwa akiipiga. Mwisho wa mwezi mpiga besi hukuta mshahara umekatwa. Desturi hii twaipinga, tena twaipinga kwa hesabu, si kwa kelele.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila sanduku la spika lina ukinzani wake wa umeme, nao hupimwa kwa omu. Mengi ni ya omu 8 au omu 4. Amplifaya ya transista nayo ina kiwango chake cha chini, aghalabu omu 4, na kimeandikwa nyuma, karibu na matundu ya spika. Ukiunga masanduku kwa njia ya kawaida, waya kutoka hili kwenda lile, omu hazijumlishwi, hupungua. Mawili ya omu 8 huwa omu 4. Matatu ya omu 8 huwa omu 2 na theluthi mbili. Mawili ya omu 4 huwa omu 2. Omu zikipungua, umeme unaotoka huzidi. Amplifaya ya omu 4 ikitwishwa omu 2 na kupigwa kwa nguvu, hupata joto mpaka ijizime au iungue.

Sasa twauliza: ni nani aliyenunua amplifaya duka hili, sanduku moja mnadani, na la pili kwa seremala, spika zake hazina alama yoyote? Si mpiga besi. Kosa lilikwisha fanyika kabla hajagusa uzi mmoja.

Kuna na habari ya wati. Sanduku la wati 200 likipewa amplifaya ya wati 500, koili za spika zitaungua siku moja. Wenye kuunda vyombo walilijua jambo hili zamani. Kampuni ya Ampeg ya Marekani ilipotoa amplifaya ya SVT mwaka 1969, yenye wati 300, iliifanyia masanduku mawili, kila moja spika nane, ili mzigo ugawanywe. Ikiwa waundaji wenyewe walipima hivyo, tajiri wetu anabahatisha kwa nini?

Mali ikiungua hununuliwa nyingine. Mtu hanunuliwi. Ziko amplifaya ambazo waya wa ethi umeng'olewa ndani ya plagi ili kunyamazisha mvumo. Nyuzi za gitaa zimeungana na bodi ya amplifaya. Hitilafu ikitokea, volti 240 zaweza kufika kwenye vidole, na midomo ikigusa maikrofoni, njia ya umeme imekamilika. Ndugu, mvumo haujamwua mtu.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi! Kupiga chombo ulichopewa, kama ulivyopewa, si makusudi. Tajiri atajibu kwamba ninyi ni vibarua wa usiku mmoja tu. Basi asome Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo, kifungu cha 6: mwenye mahali pa kazi atalinda usalama wa watu wote wanaofanya kazi mahali pake. Wote, ndugu, si wa mkataba peke yao.

Na sisi tusemezane ukweli. Wako wenzetu wanaotaka sanduku la tatu kwa fahari ya jukwaa. Wako wanaounga spika kwa waya wa gitaa kwa kuwa plagi zafanana. Waya wa gitaa ni mwembamba ndani. Hushika joto, huyeyuka, na nyaya zikigusana amplifaya imekwisha. Na amplifaya ya valvu isipigwe kamwe bila sanduku kuungwa, maana transfoma yake huungua. Anayefanya hayo ampa tajiri fimbo ya kutupigia.

Kwa hiyo twadai:

1. Kila sanduku na kila amplifaya iandikwe omu na wati zake mahali panapoonekana.

2. Sanduku lisilo na alama lipimwe na fundi kwa gharama ya tajiri, au lisitumike.

3. Waya wa spika uwe wa spika, na ethi ising'olewe.

4. Mshahara usikatwe kabla vyombo havijakaguliwa mbele ya mjumbe wa chama.

Kabla ya kuwasha, soma nyuma ya chombo. Hesabu isipolingana, usipige. Mwite mjumbe wako. Bendi nzima ikikataa pamoja, tajiri atatafuta sanduku lingine kabla ya jua kutua. Akikataa mmoja peke yake, atatafutwa mpiga besi mwingine.

Umoja ni nguvu.