Kalipa Kubwa kwa Gari la Kilo 550? Wacheni Basi

Jumamosi binamu yangu alinipigia simu akiwa Grogan, pale Kirinyaga Road, amesimama mbele ya kalipa mbili za Subaru. Zile za pistoni nne. Muuzaji alikuwa amezipaka rangi nyekundu mbichi, na bei ilikuwa elfu thelathini na nane.

"Buda, nikiweka hizi mbele, ndai inasimama papo hapo."

Nikamwambia asilipe kitu, anipe dakika kumi. Akaniambia mzee ana mteja mwingine anakuja. Si huyo mteja mwingine huwa anakuja kila siku tangu Grogan iwe Grogan?

Kwanza mjue tunaongea kuhusu gari gani. Jamaa amejijengea kigari cha viti viwili, fremu ya bomba za chuma, bila milango, bila paa. Injini, gearbox na breki zote zimetoka kwa Corolla DX ya miaka ya themanini, ile ya mashangazi na makasisi. Kwa mizani ya wauza vyuma chakavu kilifika kilo 550. Mpango wake ni kukipeleka otokrosi, kwenye murram.

Mtindo huo hakuuvumbua yeye. Lotus ya Uingereza ilitoa gari lake la Seven mwaka 1957, na wengi walilinunua likiwa vipande, wakaliunga wenyewe nyumbani, kwa sababu ukinunua hivyo ulikwepa kodi ya ununuzi. Mwaka 1973 Caterham wakachukua haki ya kulitengeneza, na wanalitengeneza hadi leo. Halafu 1996 Ron Champion akaandika kitabu cha kuwaonyesha watu wa kawaida jinsi ya kujenga gari la aina hiyo wakitumia spea za Ford Escort kuukuu. Akili yote ya gari hili ni uzito mdogo. Na Seven ya kwanza kabisa, wasee, ilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne. Dramu! Watu wakaenda nayo mashindano.

Sasa leo kila kijana anayejenga kigari chepesi, kabla hata hajaweka taa, anatafuta breki kubwa za mbele. Nauliza, za kusimamisha nini?

Kitu kinachosimamisha gari ni tairi. Breki kazi yake ni kuzuia gurudumu lisizunguke, lakini anayeng'ang'ana na barabara ni mpira wa tairi. Ukikanyaga pedali na gurudumu likakwama, breki imemaliza uwezo wa tairi. Ukiweka breki yenye nguvu mara mbili, gurudumu litakwama vile vile, mapema zaidi, na gari litasimama pale pale au mbali zaidi. Kwa hivyo kabla hujatoa hata shilingi, tafuta mahali pazuri pasipo na watu, kimbia, ukanyage. Breki za mbele zinaweza kukwamisha magurudumu? Kama ndiyo, hauna shida ya nguvu ya breki, na kalipa nyekundu haitakuongezea mshiko.

Mtu ataniambia, "Lakini joto je? Breki ndogo zinapata moto." Hapo angalau anaongea kitu cha maana. Tupige hesabu. Kigari cha kilo 600 pamoja na dereva, kikiwa kilomita 100 kwa saa, kina nishati ya kilojuli kama 230. Subaru ya kilo 1,500 na dereva ndani, kwa kasi hiyo hiyo, ina karibu kilojuli 580. Zile kalipa zilitengenezwa kumeza hizo 580, tena na tena. Breki za DX nazo zilitengenezewa gari ambalo likibeba abiria watano na mizigo ya Krismasi lilikuwa linagusa kilo 1,200. Umeshalipunguzia kazi karibu nusu. Halafu unasema ni ndogo?

Na kuna pistoni. Hii ndiyo inawachanganya watu kabisa. Mtu akisikia nne dhidi ya moja anafikiri nguvu ni mara nne. Kalipa ya pistoni moja huteleza, kwa hivyo pistoni ikisukuma upande mmoja, mwili wa kalipa unavuta upande wa pili. Inabana diski pande zote. Kalipa ya pistoni nne imekaa imara, mbili kila upande. Chukua pistoni moja ya milimita 54, piga eneo lake, utapata milimita za mraba 2,290. Chukua mbili za milimita 38, utapata 2,268. Umeona? Kwa presha ile ile ya mafuta, nne za milimita 38 zinabana kidogo chini ya moja ya 54. Umelipa elfu thelathini na nane kurudi nyuma.

"Basi niweke nne kubwa, za 42." Sawa, sasa umeongeza nguvu ya mbele kwa asilimia 21 hivi. Hapa ndipo mimi huanza kuogopa, na si kwa sababu ya pesa.

Ukifunga breki, uzito wa gari unahamia mbele. Gari refu kwenda juu, lenye pua nzito, linahamisha uzito mwingi, kwa hivyo breki za mbele zinafanya sehemu kubwa ya kazi na za nyuma zinasaidia tu. DX ilipimiwa hivyo. Lakini kigari cha aina ya Seven kiko chini kama mkeka. Dereva amekalia karibu na ekseli ya nyuma. Uzito unaohamia mbele ni kidogo, maana yake magurudumu ya nyuma yanabaki na mzigo mzuri na yanaweza kusaidia zaidi kusimamisha. Ukitumia breki za DX kama zilivyo, tayari mbele imezidi na nyuma imelala. Sasa wewe unaongeza mbele asilimia 21!

Kwa murram ni mbaya zaidi. Mshiko ni mdogo, kwa hivyo gari linapunguza kasi polepole, kwa hivyo hata ule uzito kidogo wa kuhamia mbele unapungua. Magurudumu ya mbele yanakwama haraka. Na gurudumu la mbele likikwama, usukani ni pambo. Unaukata kushoto, gari linaenda moja kwa moja.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo. Miaka miwili iliyopita mimi ndiye nilikuwa huyo kijana pale Grogan. Nilinunua kalipa, nikatafuta fundi akanikatia vipande vya chuma vya kuzishikilia kwenye habu, nikapaka rangi, nikapiga picha, mkapenda sana. Siku ya kwanza kulikuwa kumenyesha alfajiri. Nikafika kona ya tatu, nikagusa breki, mbele ikakwama, nikakata usukani na hakuna kilichotokea. Mbele yangu kulikuwa na rundo la matairi, na nyuma ya matairi kijana wa kushika bendera. Aliruka. Mimi nikaingia kwa matairi. Hakuna aliyeumia, lakini yule kijana alikuja akaniangalia bila kusema neno, na bado naona macho yake nikilala.

Nyumbani nikafungua magurudumu. Kimoja cha vile vipande vya chuma kilikuwa kimeanza kupasuka pale kwenye tundu la bolti. Fundi alikikata na grainda kutoka kwa chuma ambacho hakuna anayejua ni chuma gani. Kalipa ya Subaru ilikuwa nzuri. Iliyoishikilia ilikuwa bahati nasibu. Na hii sehemu hamuionyeshi kwa video zenu. Mnaonyesha rangi. Mtu wa miaka kumi na saba anatazama, anaenda kwa fundi wa mageti, anaambiwa "hii nitakutengenezea," na maisha yake yananing'inia kwa tundu mbili zilizotobolewa na drili ya mkono.

Mkoloni wa mawazo haya, nadhani, ni hizi pedali ngumu. Magari mengi ya kujiungia hayana boosta ya breki. Mtu ametoka kwa Vitz ya shangazi yake, pedali laini kama siagi, anakanyaga kigari chake anakuta pedali kama jiwe, anasema breki ni mbovu. Breki si mbovu. Ni mguu wako umezoea kusaidiwa. Kama unataka pedali nyepesi, kuna dawa ya bei nafuu: masta silinda nyembamba. Ukitoka pistoni ya milimita 22 ukaenda 19, kwa nguvu ile ile ya mguu presha inapanda kama asilimia 34, mbele na nyuma pamoja. Pedali itasafiri zaidi kwa kiwango hicho hicho, kwa hivyo hakikisha haigusi sakafu. Lakini uwiano wa mbele na nyuma haujaubomoa. Ukiweka kalipa kubwa, kinyume chake, pistoni kubwa zinataka mafuta mengi, pedali inashuka zaidi, na faida yote iko upande mmoja.

Pedi za breki nazo. Kuna wasee wananunua pedi za mashindano kwa sababu pakiti imeandikwa "racing". Zile zinataka joto ndio ziume. Kigari cha kilo 550 na diski kubwa hakitazipa hilo joto hata ukilia. Kona ya kwanza asubuhi, breki baridi, utakuwa unabana mbao. Nunua pedi nzuri za barabarani, mpya, za kampuni inayojulikana, na uachane na zile za mia tano zinazopiga kelele kama jogoo.

Halafu mafuta ya breki, ambayo nimegundua hakuna mtu hubadilisha hapa Nairobi mpaka gari liuzwe. Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango chake cha chini kinashuka hadi 155. Yakichemka unapata mvuke ndani ya mabomba, mvuke unabanika, pedali inaenda chini na gari linaendelea na safari. Binamu yangu alikuwa na elfu thelathini na nane za kalipa, na mafuta yake yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Nilifungua kifuniko mwenyewe.

Sasa msiseme nimekataza kila kitu. Kuna mtu anahitaji breki kubwa. Ameweka injini yenye nguvu mara mbili au tatu, anazunguka kwenye lami dakika ishirini bila kupumzika, ameweka mafuta mapya na pedi nzuri, na bado baada ya mizunguko kadhaa pedali inalegea na diski zinageuka bluu. Huyo ana shida ya joto ya kweli. Atafute diski zenye nafasi ya hewa katikati, aguse na nyuma pia, na vishikilio vichongwe na mtu mwenye mashine na anayejua chuma. Lakini wewe umeshawahi kuchemsha breki? Kwa murram? Dakika mbili na nusu kwa raundi?

Na kama ni sura, sema ni sura. Sina shida na sura, hata mimi nina viatu ambavyo haviingii kwa matope. Kopo la rangi ya kustahimili joto linatosha, paka kalipa ya DX nyekundu, lala salama. Usituambie ni usalama.

Binamu hakununua. Alikasirika siku mbili, akasema namwonea wivu. Jumanne tulikaa kwake na taa ya simu, tukafungua kalipa zake za DX, tukabadilisha sili za mpira, tukaweka pedi mpya mbele, tukarekebisha dramu za nyuma ambazo zilikuwa hazigusi kabisa (hazigusi kabisa!), mipira mipya, DOT 4, tukatoa upepo gurudumu baada ya gurudumu hadi saa sita usiku huku mama yake akiuliza tutazima lini. Jumla haikufika elfu kumi na mbili. Jana tumeenda kujaribu kwa kiwanja. Mbele inakwama kidogo tu kabla ya nyuma, vile inavyofaa, ukiachilia kidogo usukani unarudi. Pesa iliyobaki amesema ni ya matairi. Nimemwacha.

Zangu za kutoka ile ajali ziko kwa sanduku chini ya kitanda, bado nyekundu. Bila vishikilio, hivyo nilivitupa. Kama una Subaru ya kilo 1,400 na zako zimekwisha, nitumie meseji tuongee bei. Ukisema ni za kigari chako cha kilo 550, sikuuzii.