Ati Shujaa!
Wako waliosoma riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, iliyofasiriwa na Clement Ndulute mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo, wakadhani mila za Waigbo zasifiwa humo bila doa. La, hasha! Mila ilihukumu Ikemefuna auawe. Bali Mzee Ezeudu alimwonya Okonkwo asitie mkono, kwani kijana alimwita baba. Naye, kwa kuogopa kuitwa mnyonge, akamkata.

Basi nasi wa Matai, tuandikapo habari za Wafipa walioyeyusha chuma katika malungu, tanuri za udongo zipitazo kimo cha mtu, tusiwafanye babu zetu malaika wala washenzi. Amfichaye babu makosa yake hamheshimu. Amzika mara ya pili.