Mnaacha wadahiliwe kwa 2.7, ajira inataka 3.8

Kwa Katibu Mtendaji, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU)



Nakuandikia kutoka Runzewe, wilayani Bukombe. Nina karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Elimu yangu ni kidato cha nne. Karani wangu ana shahada ya uzamili ya uchumi.

Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, akileta mawe, karani anahesabu mifuko na kuandika daftarini jina, idadi, saa tulipoanza kusaga na dizeli iliyotumika. Dhahabu ikishakamatwa kwa zebaki, mwenyewe anaondoka nayo, marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa, yanabaki kwangu. Ugomvi wa karashani huanzia kwenye idadi ya mifuko. Tangu aje huyu bwana, watu wakibishana wanasema, "Lileteni daftari la Profesa," na yanaisha. Namlipa kwa siku.

Kwangu mimi ni bahati. Kwa baba yake ni ng'ombe walioondoka zizini. Usukumani kijana hutegemea ng'ombe wa nyumbani kwa mahari. Ng'ombe wake waliuzwa wakawa ada ya uzamili. Aliosoma nao shule ya msingi wana watoto sekondari, yeye hata posa hajapeleka.

Wapo wanaosema wasomi hawa wanachagua kazi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Wangechagua nini hapo? Huyu wangu huomba kila tangazo linapotoka, na mara nyingi uzamili anauficha, maana mwajiri binafsi akiuona anahofia mshahara atakaodaiwa. Hilo si lako. Lako ni hili.

Vyuo vingi humdahili mtu kusoma uzamili akiwa na GPA ya 2.7 ya shahada ya kwanza. Kazi inayoudai huo uzamili hasa ni ya kufundisha chuoni, na matangazo ya mhadhiri msaidizi katika vyuo vya umma kwa kawaida hutaka 4.0 ya uzamili pamoja na 3.8 ya shahada ya kwanza. Karani wangu ana 4.3 ya uzamili. Ya kwanza ni 3.4, na hiyo hairudiwi. Kwa hiyo siku anapewa barua ya udahili, mlango wa kufundisha ulikwisha kufungwa, na chuo kilikuwa na vyeti vyake mkononi. Ada kikapokea.

Huku kwetu mtu akitaka kuuza duara, tunauliza kwanza sampuli imesoma gramu ngapi kwa tani. Akificha majibu ya maabara, tunamwita tapeli.

Naomba Tume iviagize vyuo viandike kwenye kila tangazo la udahili wa uzamili: waajiri wa fani hii wanataka GPA gani ya shahada ya kwanza, na wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wanafanya kazi gani. Vyuo vitalalamika kwamba waombaji watapungua. Wapungue. Kisha mkae na Utumishi mtazame kama ni haki aliyefaulu uzamili vizuri azuiwe na alama alizopata akiwa na miaka 22.

Msikawie. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema mwombaji asizidi miaka 45, na karani wangu ana 41.

Mwenye karasha,
Runzewe