i7 si cheo

Wauzaji wa laptopu za mitumba hapa Arua, na wenzao wa Koboko, wanazitaja prosesa kama vyeo vya jeshi: i7 ni ya wakubwa, i5 ya wanyonge. Nasi wanafunzi tunalipa tofauti hiyo kwa pesa ya chakula. Napinga. Tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndizo zinazotaja kizazi. i7-7500U ya 2016 ina viini 2 tu. I5-8250U ya 2017 ina viini 4, na zote ni za wati 15. Ukifungua Word, Excel na kurasa kumi za intaneti pamoja, i5 hiyo inamwacha kaka yake mbali. Tena Windows 11 inaikubali rasmi, i7 ile haimo, na msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Wapenzi wa gemu nao wasidanganyike: sehemu ya picha katika prosesa hizi mbili inakaribia kuwa moja, kwa hiyo pesa iliyobaki inunue RAM. Muuzaji akikataa kuwasha mashine uione namba nzima, ingia duka la pili.