Usikate Ule Waya

Kuna kauli moja ya gereji ninayoichukia kuliko zote: "Hiyo haina kazi, tuikate." Nimeisikia Murongo, nimeisikia Kaisho na Nkwenda, na mara nyingi inatamkwa mbele ya taa za gari. Mimi ni fundi umeme wa magari, kwa hiyo maneno haya nawaambia wenzangu kwanza, kisha wenye magari wanaotulipa.

Tuchukue Harrier ya kuanzia 2003, ile ambayo Watanzania wameibatiza "tako la nyani". Baadhi yake zilitoka Japani zikiwa na mfumo wa AFS, yaani taa zinazogeuka na usukani. Kisanduku cha kompyuta kinasoma mambo matatu: usukani umekatwa kiasi gani, gari lina spidi gani, na nyuma imeshuka kiasi gani kwa mzigo. Mota ndogo ndani ya taa inapeleka mwanga kwenye kona kabla gari halijafika. Nyingine inainua au kushusha mwanga ili abiria watano na magunia matatu wasiifanye taa ikatazama angani. Wazo lenyewe ni la zamani. Tucker ya Marekani ya 1948 ilikuwa na taa ya katikati iliyofuata usukani, na Citroën DS ya 1967 ilifanya hivyo kwa taa zake za ndani.

Gari hilo likifika kwetu linakutana na vumbi, mashimo, panya wanaoguguna waya, na vijana wanaoosha injini kwa maji ya presha. Kijiti kinachounganisha sensa ya kimo na mkono wa shokapu ya nyuma kinavunjika. Soketi inaota kutu ya kijani. Kwenye dashibodi maandishi AFS OFF yanaanza kupepesa. Hapo ndipo kisu kinapotolewa.

Fundi anakata, anasokota waya kwa vidole, anazungusha tepu. Hajui, au hataki kujua, kwamba waya wa sensa unabeba volti chache sana, kwa kawaida 5 tu. Kiungo kilichosokotwa kikishika kutu, volti zinapungua, na kisanduku kinasoma uongo. Kinaweza kuamini kwamba nyuma imeshuka wakati haijashuka, au imeinuka wakati imejaa mizigo. Kikidanganywa kwa namna hiyo ya pili, taa inabaki juu. Wengine wanaruka fyuzi na kuunga moja kwa moja kwenye betri, wakisahau kwamba balasti ya xenon inapowasha taa inapiga zaidi ya volti 20,000. Si kitu cha kuchezea kwa mkono wenye maji.

Mwenye gari anafurahi. Mwanga ni mweupe, unafika mbali, amelipa kidogo. Anayeumia hayumo ndani ya gari. Ni kijana wa bodaboda anayepanda kutoka darajani kwenye Mto Kagera. Ni mzee anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, bila hata kioo cha kuakisi. Ni mama aliyetoka mnadani amechelewa, amebeba mtoto mgongoni. Mwanga ukiwapiga machoni, kwa sekunde kadhaa hawaoni ukingo wa barabara wala mtaro. Wewe uliyewamulika unapita, unaenda zako, na huwezi kujua kama walifika.

Najua jibu la mafundi: mteja hana hela, na anataka taa usiku huu huu. Ni kweli. Vifaa ni ghali, na ramani za waya za magari haya ni adimu, nyingi zikiwa kwa Kijapani. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kukata na kuzima kwa adabu. Mteja asipoweza kulipia mfumo mzima, basi tuuache usigeuke. Elekeza taa mbele sawasawa, ichomoe soketi ya mota bila kukata kitu, ifunge isiingie maji, kisha mwambie mwenye gari waziwazi ulichofanya. Kona atazipunguzia mwendo, kama tulivyofanya miaka yote kwa magari ya zamani. Taa kugeuka ni starehe ya dereva. Kimo cha taa ni macho ya mwenzake.

Wapo wanaosema magari haya hayatufai, turudi kwenye yale yasiyo na kompyuta. Sikubali. Taa ya Mjapani imetengenezwa kwa watu wanaoendesha kushoto, kama sisi na Waganda wa ng'ambo ya mto. Inamulika ukingo wa kushoto, wanakotembea watu, na kumwachia anayekuja giza la kutosha. Rwanda, majirani zetu wanaoendesha kulia, ndio wangekuwa na sababu ya kulalamika. Kwetu kosa lipo kwenye koleo.

Wala tusingoje askari wa barabarani. Ukaguzi unaouliza tu kama taa inawaka haujauliza kitu. Uliza inatazama wapi. Huhitaji mashine: simamisha gari mahali tambarare, mita 5 mbele ya ukuta, washa taa za chini. Mstari wa mwanga ukiwa juu ya kimo cha taa zenyewe, unapofusha watu.

Mwenye gari, fundi akishika kisu kabla ya kushika testa, chukua funguo zako uondoke. Na wewe fundi mwenzangu, fuata waya mpaka mwisho, safisha soketi, unga kwa risasi na si kwa vidole. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Ukishindwa kuifanya, sema umeshindwa, mteja atafute mwingine. Mwanga ukishatoka kwenye kioo cha taa si wa mwenye gari tena, na aliyeko njiani hakukuomba umpunguzie bei.